Jezi ya Kerry ndani ya Letterkenny: "rudi kwenu" ni utani au ni kitu kingine?

"Habari mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, muuguzi kwa kazi. Tulipofika Ayalandi tulikaa Killarney, kaunti ya Kerry, kwa miaka minne. Kijana wangu wa kwanza, sasa ana miaka 15, akajifunza huko Gaelic, ule mpira wa Kiayalandi wa mikono na miguu, na kuupenda kupita kiasi. Mwanzoni mwa 2025 kazi ikatuhamishia Letterkenny, Donegal, na kijana anafanya mazoezi na klabu ya huku, ingawa bado hajahamishwa kirasmi. Fainali ya Ayalandi nzima, Julai, ikawa Kerry na Donegal. Klabu ikaweka skrini ukumbini, na yeye akaenda amevaa jezi yake ya Kerry. Kerry wakashinda. Aliporudi hakusema neno. Siku ya pili ndipo akaniambia wenzake walimwita msaliti, na mmoja akamwambia 'rudi kwenu'. Sijui alimaanisha Kerry au Kenya, na yeye hataki kueleza. Sasa hataki kwenda mazoezi. Mume wangu anasema ni heri, mchezo wenyewe hauna mshahara, bora aende akademia ya soka. Na kijana anaota kuichezea Kerry akiwa mkubwa; inawezekana kweli na sisi tuko huku? Samahani pia kwa swali la kitoto: ubao ulisoma 1-26 kwa 0-19. Hiyo si goli moja kwa bila? Mbona watu wanasema Donegal walipondwa?"

Dada yangu, umeleta maswali manne kwa mpigo, ila ni moja tu linalokukosesha usingizi: huyo mtoto alikuwa akimtania mwenzake aliyevaa jezi ya wapinzani, au alikuwa akimfukuza mtu mweusi? Nitafika hapo, na nitakaa hapo. Lakini niruhusu nianze na lile uliloliombea radhi. Si la kitoto hata kidogo. Huwa naulizwa na watu walioishi nchi hii miaka mingi kuliko wewe, na usipolijua huwezi kuelewa kwa nini ukumbi ule ulikuwa mchungu jioni ile.

Goli la Gaelic lina umbo la herufi H. Mpira ukipita chini ya mtambaa panya ukaingia wavuni, ni goli, na goli moja ni sawa na pointi tatu. Ukipita juu ya mtambaa panya katikati ya nguzo mbili, ni pointi moja. Ubao huandika magoli kwanza, halafu pointi. Kwa hiyo 1-26 ni tatu ukijumlisha na 26, yaani 29. Donegal hawakupata goli, wakabaki na 19 zao. Kufungwa kwa tofauti ya kumi kwenye fainali ni kipigo, hakuna jina jingine.

Wala usidhani anayepitisha mipira mingi ndiye mshindi siku zote. Hawa hawa wawili walikutana fainali ya mwaka 2014. Donegal wakapitisha mipira 12 juu ya mtambaa panya, Kerry tisa tu. Kombe likaenda Kerry, kwa sababu walikuwa na magoli mawili: 2-9 kwa 0-12, ambayo ni 15 kwa 12. Goli la pili lilitoka kwa kipa wa Donegal mwenyewe. Alianzisha mpira mfupi ukamwangukia Kieran Donaghy, mshambuliaji mrefu wa Kerry, naye akamalizia. Mtajie mzee yeyote wa Letterkenny jina la Donaghy uone anavyokunja uso.

Ile ya 2025 ilikuwa na uchungu wa aina yake, na hapa lazima nieleze sheria mpya kidogo. Mwaka huo kamati iliyoongozwa na Jim Gavin, kocha wa zamani wa Dublin, ilileta mabadiliko makubwa. Sasa kuna tao lililochorwa mita 40 kutoka golini. Ukiupitisha mpira juu ya mtambaa panya kutoka nje ya tao hilo, unapata pointi mbili, na mwamuzi wa golini anainua bendera ya rangi ya chungwa badala ya nyeupe. Tena kila timu inalazimika kubakiza wachezaji watatu katika nusu ya wapinzani muda wote. Sheria hii ya pili iligusa kila kaunti, lakini kwa Donegal ilikuwa kama kuguswa mboni ya jicho, maana kocha wao Jim McGuinness alijipatia jina kwa kurudisha karibu timu nzima nyuma na kuziba njia. Nusu fainali ya 2011 dhidi ya Dublin iliisha 0-8 kwa 0-6, Donegal wakafungwa, na nchi nzima ikalalamika kwamba mchezo umeuawa. Mwaka uliofuata McGuinness akanyanyua kombe. Ukuta wa namna ile haujengeki tena.

Kwa hiyo Donegal walipokwenda Croke Park, uwanja wa fainali ulioko Dublin, Julai ile, walikwenda na McGuinness aliyerudi, na Michael Murphy, nahodha wa 2012, aliyekuwa amestaafu kisha akavua ustaafu wake. Kwenye nusu fainali walikuwa wamewafumua Meath 3-26 kwa 0-15. Watu walikuwa wameshapanga watapokeaje kombe. Wakafika mapumziko wako nyuma 0-17 kwa 0-10, na David Clifford wa Kerry akamaliza siku na pointi tisa peke yake. Kaunti yenye makombe mawili tu katika historia yake, la 1992 na la 2012, ikamtazama mpinzani mwenye makombe 38 akichukua la 39.

Na katikati ya msiba huo akakaa mwanao, amevaa jezi ya kijani yenye mkanda wa dhahabu kifuani. Ya Donegal ni dhahabu yenye kijani. Rangi ni zile zile zilizogeuzwa, na nadhani ndiyo sababu ilichoma zaidi: kwa mbali alionekana wao, kwa karibu akawa mwingine.

Sasa, ni uhasama wa aina gani huu? Nawasikia Waafrika wenzetu wakidhani mashabiki wa kaunti mbili wakikutana fainali ni lazima ngumi. Wewe umekulia Kenya, unaijua Mashemeji Derby ya Gor Mahia na AFC Leopards, kila upande na jukwaa lake na polisi katikati. Croke Park inaingiza watu 82,300 na haina uzio wa kutenganisha mashabiki wala jukwaa la kaunti hii na kaunti ile. Bibi wa Kerry anakaa bega kwa bega na kijana wa Donegal, wanapeana mkate wakati wa mapumziko, na wanachambana dakika zote 70. Maneno makali, ndiyo. Kejeli za kurithi, zinazopokezwa na babu kwa mjukuu, ndiyo. Lakini wakitoka wanashikana mikono. Wale ni watani wa jadi, na utani wa jadi una adabu zake, hata kama mgeni hazioni.

Chanzo cha ukali huo ni namna mchezo ulivyojengwa. Chama chake, Gaelic Athletic Association, kilianzishwa Thurles mwaka 1884, na tangu hapo hakuna mchezaji anayenunuliwa. Unacheza klabu ya parokia yako au mtaa wako. Ukiwa hodari, klabu yako inakupeleka kwenye timu ya kaunti, na kaunti ziko 32, zikiwemo sita za Ireland Kaskazini iliyo chini ya Uingereza. Huchagui kaunti kama mtu wa Kisauni anavyochagua Arsenal au Manchester United. Jezi ya kaunti inasema ulikolelewa, nani alikufundisha kudaka mpira, mama yako alikuwa akikusubiri kwenye uwanja gani kwenye mvua. Ndiyo maana mtu akihama hutazamwa kwa jicho la pembeni. Mwaka 2012 mchezaji wa Cavan, Seánie Johnston, alihamia Kildare baada ya mvutano wa miezi mingi wa karatasi na rufaa, akaja kuingia uwanjani dhidi ya Cavan hao hao, kwao. Alizomewa na watu waliokuwa wakimshangilia mwaka mmoja nyuma. Baadaye alirudi Cavan, na watu bado wanaisimulia habari hiyo.

Kwa mantiki hiyo, neno "msaliti" alilorushiwa mwanao ni la kawaida ukumbini siku ya fainali. Mtoto mwekundu wa nywele aliyezaliwa Tralee angevaa jezi ile ndani ya chumba kile angeitwa hivyo hivyo, pengine na vibaya zaidi. Na, niseme ukweli, kuna heshima iliyojificha ndani yake. Huwezi kumwita mtu msaliti kama humhesabu kuwa wenu. Wenzake wamekuwa wakifanya naye mazoezi tangu mwanzoni mwa mwaka, wanajua anavyopiga mpira, wanamtaka upande wao. Hilo lisikutie hofu.

"Rudi kwenu" ni jambo lingine. Sitakwambia ni utani ili ulale vizuri, wala sitakwambia ni ubaguzi kwa sababu sikuwepo. Linaweza kuwa Kerry. Kijana wa Donegal akimwambia mwenzake mwenye jezi ya Kerry arudi kwao, saa ya kwanza baada ya kufungwa, maana iliyo karibu kabisa ni barabara ya kwenda kusini. Lakini wapo pia watoto wanaojificha nyuma ya jezi. Wanajua neno hilo lina milango miwili, wanalirusha, wakiulizwa wanaingia mlango usio na hatari. Mtoto wa miaka 15 aliyerushiwa anajua ni mlango upi, maana alisikia sauti na aliona macho. Ukimya wa mwanao ndio unaonifanya nisilipuuze.

Kwa hiyo anayepaswa kuulizwa kwanza ni yeye, na namna ya kuuliza ina uzito. Usimweke mezani mbele ya baba yake. Vijana wa umri huo huongea vizuri zaidi ndani ya gari, mmoja akitazama barabara. Usimuulize "alimaanisha Kenya?", maana swali hilo linamlazimisha ama akupe habari ya kukuumiza au akulinde kwa uongo. Muulize nani alicheka. Muulize kama yule kijana alikuwa amewahi kumsemesha hivyo kabla ya fainali, na kama alimsemesha tena mpira ulipokwisha kusahaulika. Muulize, kwa kupitia tu, kama kuna mtu anayemtania nywele, chakula, au matamshi yake. Utani wa jezi huisha na jezi. Ikifika Jumatano wanazungumzia kitu kingine. Ukikuta maneno yanamfuata shuleni, kwenye kikundi cha simu, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na yanagusa mwili wake na si timu yake, basi hapo utani umekwisha.

Akikwambia ni Kerry tu, mwache amalize mwenyewe. Mfundishe kujibu, kwa sababu kwenye utani asiyejibu ndiye anayeonekana ameumia. "Sisi tuna 39, nyinyi mna ngapi?" inatosha kabisa, na nakuhakikishia watacheka. Usimnunulie jezi ya Donegal kwa haraka ili kuwapoza watu. Watamwona anayumba, na yeye atajiona ameuza kitu. Ya Donegal ataivaa mwenyewe siku akipenda. Kwenye mazoezi ya vijana utaona jezi za kila aina, hata za kaunti zinazochukiana, na hakuna kocha anayejali.

Akikwambia ni Kenya, au ukikuta dalili nilizozitaja, usimfuate yule kijana wala wazazi wake pembeni ya uwanja. Najua mkono unawasha, lakini hapo jambo huwa ugomvi wa wazazi, na mtoto wako ndiye anayebaki na aibu. Kila klabu ya Gaelic inatakiwa kuwa na afisa wa watoto, mtu mwenye jukumu la kupokea malalamiko kama haya. Jina lake huwa kwenye ubao wa klabu au kwenye tovuti yao. Andika tarehe, maneno yenyewe kama yalivyosemwa, na nani alisikia, kisha onana naye ana kwa ana. Kanuni za chama zinahesabu matusi ya rangi, dini na asili kuwa kosa lenye adhabu. Si jambo la "ndivyo walivyo watoto". Kama kijana huyo yuko naye shule moja, mwalimu mkuu wa kidato naye ajue. Likifika kwenye vitisho au kuguswa mwili, nenda kituo cha Garda, polisi wa Ayalandi, siku hiyo hiyo. Na kama baada ya wiki mbili tatu mwanao halali vizuri, hali chakula, au anatafuta sababu za kutokwenda shule, mpeleke kwa daktari wenu wa familia. Wewe ni muuguzi, dalili hizo unazijua kuliko mimi, lakini mama mtu huwa wa mwisho kuziona kwa mtoto wake.

Nisikufiche kwamba wapo waliopita njia ngumu. Jason Sherlock, ambaye baba yake ni wa Hong Kong, alichukua ubingwa na Dublin mwaka 1995 na amesimulia hadharani matusi ya rangi aliyokuwa akirushiwa viwanjani. Lakini tazama na upande mwingine. Seán Óg Ó hAilpín alizaliwa Fiji, mama yake Mfiji, akaletwa Cork akiwa mtoto kama wako. Mwaka 2005 alinyanyua kombe la hurling, mchezo wa magongo wa chama hicho hicho, akiwa nahodha wa Cork na kutoa hotuba yake yote kwa Kiayalandi, lugha ambayo wengi wa waliokuwa wakimsikiliza hawaiongei vizuri. Boidu Sayeh alizaliwa Liberia akaja kuwa beki wa Westmeath. Na huko huko Kerry anakokuota kijana wako, Stefan Okunbor, mwenye asili ya Nigeria, aliinuka kutoka klabu ya Na Gaeil ya Tralee hadi timu kubwa ya kaunti. Mwonyeshe mwanao video za Okunbor. Hazitajibu swali la nani alisema nini ukumbini, lakini ataona mwili unaofanana na wake ndani ya jezi ile.

Hilo linatuleta kwenye ndoto yake. Jibu fupi: akiwa anachezea klabu ya Donegal, njia ya kawaida ni kuitwa na Donegal. Kwa kawaida mchezaji huitwa na kaunti iliyo na klabu yake. Sheria inatoa nafasi fulani kwa mchezaji kubaki na kaunti ya klabu aliyoanzia, kwa hiyo kabla hajakata tamaa muulizeni katibu wa klabu kama mlango huo uko wazi kwake. Angeweza, kwa karatasi, kubaki mchezaji wa Killarney. Wapo watu wazima wanaofanya kazi Dublin na kuendesha gari hadi Kerry kwa ajili ya mazoezi. Kwa kijana wa miaka 15 aliye Letterkenny, pembe ya pili ya kisiwa, hilo ni kumnyima mchezo kabisa. Atabaki na jina kwenye orodha ya klabu asiyoifikia.

Kwa hiyo ushauri wangu ni ahamishwe rasmi, na upesi. Hapa mlipo sasa ni katikati ya mito miwili: anafanya mazoezi Donegal, karatasi ziko Kerry. Hawezi kucheza mechi za mashindano na klabu mpya mpaka uhamisho upite, na mfuko wa chama wa kuwasaidia walioumia huhudumia wanachama waliosajiliwa, kwa hiyo hakikisha usajili wake uko hai na uko mahali sahihi. Uhamisho wa kwenda kaunti nyingine kwa sababu familia imehama makazi una utaratibu wake, na mhusika wa kukuongoza ni katibu wa klabu ya Letterkenny. Nenda kwake ukiwa na uthibitisho wa makazi na jina la klabu ya zamani. Usijaribu kulimaliza kwa ujumbe wa simu, kwa maana kuna tarehe na sahihi za pande mbili, na kosa dogo linaweza kumkalisha benchi msimu mzima.

Kuhusu kuipenda Kerry, hakuna karatasi inayohitajika. Anaweza kuichezea Donegal akawa na Kerry moyoni. Wachezaji wengi wana kaunti ya mama na kaunti ya baba, na siku ya fainali nyumba zao hugawanyika sebuleni.

Mume wako hajakosea kuhusu mshahara. Wachezaji wa kaunti hawalipwi. Wanarudishiwa gharama za safari na wanapata ruzuku ndogo ya serikali, basi. Clifford, unayemwona akishangiliwa na uwanja mzima, ni mwalimu wa shule. Fainali ikiisha Jumapili, wenye kazi zao huzirudia, ingawa Jumatatu ya bingwa huwa haina kazi nyingi. Mlango wa pesa uliopo ni Australia, ambako timu za kulipwa za mchezo wao huwachukua vijana wachache wa Gaelic. Tadhg Kennelly wa Kerry alichukua ubingwa na Sydney Swans mwaka 2005, akarudi nyumbani akachukua na wa Kerry mwaka 2009. Okunbor naye alikwenda Geelong kabla ya kurudi. Wengi wanaojaribu hurudi mikono mitupu. Kwa aliye hodari kweli kuna pia ufadhili wa masomo unaotolewa na vyuo vikuu kadhaa. Nisingepanga maisha ya mtoto juu ya chochote kati ya hivyo.

Lakini mwambie na upande wa pili wa hesabu hiyo. Akademia ya soka nayo si mshahara. Ni foleni ndefu ya watoto wanaotafuta mshahara, na wengi watatoka bila. Tena si lazima achague sasa. Donegal ni kaunti ambayo vijana wengi hucheza vyote viwili, na Finn Harps, klabu ya soka ya Ballybofey, hawako mbali na nyumbani kwenu. Seamus Coleman, aliyewahi kuwa nahodha wa Everton na wa timu ya taifa ya Ayalandi, ni mtoto wa Killybegs, Donegal hiyo hiyo, na utotoni alicheza Gaelic kabla ya soka kumchukua. Kitu ninachokiogopa kwenye wazo la mume wako ni wakati wake. Mtoto akiondolewa klabuni wiki aliyoambiwa arudi kwao, atabaki na jibu moja tu kichwani: kwamba yule kijana alikuwa na haki. Mhamishieni soka baada ya miezi sita kama ataona inafaa. Wiki hii msimtoe.

Na kama mnaweza, baba yake ndiye ampeleke mazoezi yajayo, asimwache getini kisha aondoke. Abaki. Klabu hizi zinaendeshwa na watu wanaojitolea bila senti, na mzazi anayesimama pembeni ya uwanja akiwa na mikono mitupu huwa hakai hivyo muda mrefu: atakabidhiwa koni, chupa za maji au bendera ya mstari kabla hajajua jina la kocha. Makocha wale wote wamejaza fomu na kuchunguzwa rekodi zao na polisi kabla ya kuruhusiwa kukaa na watoto, naye akitaka kuendelea kusaidia atajaza fomu hiyo hiyo. Ataanza kuwajua wale vijana kwa majina, akiwemo huyo mmoja. Hakikisha tu mtoto amebeba kinga ya meno. Bila hiyo haruhusiwi kugusa mpira, na kocha hatasikiliza kwamba imesahaulika Killarney.